Asiyekuwepo na Lake Halipo: Wingi wa Mikondo ya Manukuu katika Filamu na Nafasi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtinko ni kata iliyomo katika Wilaya ya Singida, kaskazini ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Eneo linaloizunguka ni miongoni mwa yale ambayo wanaisimu wa Afrika Mashariki hawachoki kuyatazama. Kinyaturu, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimepewa alama F32, ni lugha ya Kibantu, kama zilivyo jirani zake Kinyiramba na Kinyisanzu. Hata hivyo, katika ukanda huohuo wa kati ya Tanzania husemwa pia Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi. Na Kisandawe na Kihadza, zinazojulikana kwa vidoko vyake. Wasemaji wa lugha hizo wanapokutana mnadani, hospitalini au shuleni, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Katika mazingira hayo ya lugha nyingi huingia leo mafaili ya filamu za kigeni yenye manukuu ya lugha thelathini au zaidi. Ingetarajiwa kwamba wingi huo ungempa mtazamaji wa Mtinko uhuru mpana wa kuchagua. Mambo hayaendi hivyo. Aghalabu wingi huo humletea vitu viwili: televisheni inayokwama, na orodha ndefu ya lugha ambamo Kiswahili ama hakimo kabisa, ama kimo bila ya kutajwa jina lake.

Makala haya yanadai kwamba kukwama huko kuna dawa, na kwamba dawa yenyewe si ngumu: ni kupunguza mikondo isiyohitajika. Lakini kupunguza mikondo ni uamuzi wa kilugha kabla ya kuwa uamuzi wa kifundi. Maadamu Kiswahili hakitiwi alama zake sahihi ndani ya faili, kila fundi anayetengeneza faili lililokwama yumo hatarini kukitupa Kiswahili pamoja na yale yasiyotakiwa. Jukumu la kuzuia hasara hiyo haliwezi kuachiwa fundi peke yake. Linazihusu moja kwa moja idara za Kiswahili.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa mapema. Manukuu ni maandishi yanayopita chini ya picha ya filamu, yakitoa tafsiri au maneno yaleyale yanayosemwa. Neno hili lina upungufu wake, kwa kuwa kunukuu si kutafsiri. Lakini limekwisha kuenea, na ni bora kuliko vichwa vidogo, ambalo humpeleka msomaji kwenye sura za kitabu. Mkondo ni kila mfuatano mmoja wa data ndani ya faili, uwe wa picha, sauti au manukuu. Kichezeshi ni chombo au programu yoyote inayoifungua filamu na kuionyesha.

2.0 Kutoka kwa Msimulizi hadi kwenye Orodha

Suala la filamu ya kigeni na msikilizaji wa Kiswahili ni la siku nyingi. Kituo cha televisheni cha ITV kilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata mabanda ya video yalienea mijini na vijijini. Humo filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zilionyeshwa kwa watazamaji ambao wengi wao hawakuzijua lugha hizo. Pengo hilo lilizibwa na wasimulizi. Derek Mukandala, aliyejipatia umaarufu kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu hizo kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Nchini Kenya kazi ya namna hiyo imempa sifa DJ Afro, na nchini Uganda, kwa Kiganda, VJ Jingo. Kwa upande wa vituo rasmi, mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Rais Xi Jinping aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013.

Katika njia zote hizo tafsiri ilikuwa moja kwa wakati mmoja, na iliteuliwa na mtu aliyewajua watazamaji wake. Msimulizi wa bandani hakuhitaji kuulizwa lugha. Alifahamu kwamba waliokaa mbele yake ni watu wa Kiswahili.

Vyombo vya dijitali vimeuhamisha uamuzi huo kutoka kwa mtu hadi kwenye faili. Sahani ya DVD iliruhusu mikondo 8 ya sauti na 32 ya manukuu, na kwa hiyo ukomo ulikuwa umejengwa ndani ya mfumo wenyewe. Mfumo wa Matroska, ulioanzishwa mwaka 2002 na ambao mafaili yake hutambulika kwa herufi mkv, haukuweka kikomo kidogo cha namna hiyo. Kampuni za filamu zilipoanza kusambaza kazi moja duniani kote kwa wakati mmoja, ikawa rahisi kwa yeyote anayefungasha faili kukusanya manukuu ya kila lugha iliyopatikana na kuyatia pamoja. Gharama ya kuongeza mkondo mmoja zaidi ilionekana kuwa si kitu.

3.0 Kwa Nini Faili Hukwama

Gharama hiyo ipo, ila hulipwa na mtazamaji. Faili la filamu ni kasha ambamo mikondo imefungwa pamoja. Vipande vya mikondo hupangwa kwa kupishana kufuata wakati, ili kichezeshi kinaposoma tangu mwanzo hadi mwisho kikute picha, sauti na maandishi ya nukta ileile karibukaribu. Mwanzoni mwa kasha huwekwa orodha inayotaja kila mkondo, aina yake, lugha yake, na kama ndio unaopaswa kuchaguliwa kwanza.

Matatizo huzuka kwa sababu nne. Kwanza, vichezeshi vilivyomo ndani ya televisheni za bei nafuu huwa na kumbukumbu finyu, na baadhi vimeundwa kwa idadi maalumu ya mikondo. Idadi hiyo inapozidi, kimoja hulikataa faili, kingine huonyesha sehemu ya mwanzo tu ya orodha, na kingine huganda. Pili, mikondo ya manukuu ina nafasi tupu nyingi, kwa kuwa wahusika hawasemi muda wote. Kichezeshi kisicho na busara huendelea kusoma mbele kikitafuta kipande kinachofuata cha kila mkondo, na ikiwa upishanaji ulifanywa vibaya hulazimika kwenda mbele na kurudi nyuma. Katika flashi yenye kasi ndogo, picha hukatika na sauti hutangulia. Tatu, manukuu yatokayo katika DVD na Blu-ray si herufi bali ni michoro ya herufi, nayo ni mizito kuliko maandishi ya kawaida. Nne, manukuu yenye mapambo hubeba fonti zake ndani ya kasha, na kichezeshi hulazimika kuzipakia kabla ya filamu kuanza.

Jambo moja lastahili kusisitizwa, kwa kuwa watu wengi hulikosea. Uzito wa maandishi sio tatizo. Manukuu ya kawaida ya filamu ya saa mbili hupimwa kwa makumi ya kilobaiti, au mia na ushei, ilhali filamu yenyewe hufikia gigabaiti. Anayefuta manukuu thelathini ya maandishi ili apate nafasi kwenye flashi yake hapati chochote. Kinachosumbua ni idadi ya mikondo, mpangilio wake na aina yake.

4.0 Dawa

Hatua ya kwanza ni kuuthibitisha ugonjwa. Faili lililokwama kwenye televisheni lijaribiwe kwenye kompyuta kwa programu kama VLC, manukuu yakiwa yamezimwa, kisha yakiwa yamewashwa. Likienda vizuri katika hali zote mbili, huenda televisheni ndiyo inayolemewa. Hata hivyo, isidhaniwe mara moja kuwa manukuu ndiyo yenye makosa. Televisheni nyingi za zamani haziwezi kufungua picha iliyobanwa kwa mfumo wa H.265, na kwa faili la namna hiyo kupunguza manukuu hakutasaidia.

Hatua ya pili ni kutengeneza nakala na kuliweka kando faili la asili. Hatua ya tatu ni kulifungasha upya kasha bila ya kuibana picha upya. Programu ya bure ya MKVToolNix, iliyoundwa na Moritz Bunkus, huonyesha mikondo yote katika orodha yenye visanduku; mtumiaji huondoa alama kwenye mikondo asiyoihitaji, kisha huamuru faili jipya liandikwe. Kwa kuwa picha haiguswi, kazi huchukua takriban muda wa kunakili faili, na ubora haupungui. Programu zinazobadili filamu nzima hutumia saa nyingi na huharibu picha pasipo sababu.

Hatua ya nne ni kuyahifadhi nje manukuu yenye thamani. Mkondo wa maandishi unaweza kutolewa na kuwekwa kama faili dogo la SRT lenye jina lilelile la filamu, likifuatiwa na alama ya lugha. Vichezeshi vingi hulitambua faili kama hilo likiwa katika folda moja na filamu. Inafaa lihifadhiwe kwa usimbaji wa UTF-8. Kiswahili sanifu hakina herufi za ziada, na kwa sababu hiyo watu hudhani usimbaji haukihusu. Lakini ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo, ikiandikwa kwa umbo la kupinda na kusomwa kwa usimbaji mwingine, hugeuka kuwa herufi tatu zisizo na maana.

5.0 Dawa Inapogeuka Sumu

Mpaka hapo suala lingeweza kuonekana kuwa la mafundi. Ugumu wa kilugha huanza katika hatua ya tatu, pale mtu anapoikabili orodha na kuamua kipi kibaki. Anaamua kwa kutazama nini? Anatazama alama ya lugha, kwa kuwa hawezi kuifungua na kuisoma mikondo thelathini mmojammoja.

Katika mfumo wa Matroska, mkondo ambao mtengenezaji wake hakuitaja lugha yake huhesabiwa kuwa ni wa Kiingereza, kwani thamani inayochukuliwa pasipo tamko ni eng. Kanuni hiyo imo katika maelezo rasmi ya mfumo, yaliyotolewa kama RFC 9559 mwaka 2024. Aidha, mkondo usiotajwa huhesabiwa kuwa ni miongoni mwa ile inayostahili kuchaguliwa kwanza. Programu nyingine, kama hiyo MKVToolNix, huandika und, yaani lugha isiyojulikana. Mfasiri wa Kiswahili aliyefanya kazi ya wiki nzima na kusahau kuandika herufi tatu huwa, machoni mwa mashine, amefasiri kwa Kiingereza au hakufasiri kwa lugha yoyote. Fundi anayesafisha faili hukuta mikondo miwili ya Kiingereza, akaona mmoja ni wa ziada, akaufuta. Au hukuta mkondo usiojulikana mwishoni mwa orodha, naye huufuta kwanza kuliko yote. Hakuna aliyekusudia kukidhulumu Kiswahili, na bado Kiswahili hakipo tena.

Hata alama inapowekwa, uangalifu unatakiwa. Viwango vya kimataifa vya ISO 639 vinakipa Kiswahili alama sw ya herufi mbili na swa ya herufi tatu. Orodha pana zaidi ya ISO 639-3 inaichukulia swa kuwa ni lugha kuu yenye matawi mawili: swh, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Kichezeshi rahisi kilichoelekezwa kutafuta swa huenda kisikitambue kilichoandikwa swh. Kwa matumizi ya jumla ni salama zaidi kuandika swa, kisha kulitaja jina Kiswahili kwa ukamilifu mahali pa jina la mkondo, ambapo binadamu atalisoma.

Hali ya Kinyaturu ni ngumu zaidi. Alama yake, rim, imo katika ISO 639-3 lakini haimo katika orodha ya ISO 639-2 ambayo mfumo wa Matroska ulianza nayo. Katika orodha hiyo ya zamani lugha isiyo na alama yake huingizwa katika bnt, gunia moja la lugha za Kibantu. Matoleo ya baadaye ya mfumo yameruhusu alama pana zaidi, lakini vichezeshi vya zamani havizisomi. Ndiyo kusema, mtu wa Mtinko anayetaka kutia manukuu ya Kinyaturu katika filamu ya harusi ya kwao atakuta kwamba kwa televisheni nyingi lugha yake haina jina, na njia iliyobaki ni kuitaja kwa maandishi katika jina la mkondo.

6.0 Hoja Zinazoweza Kupinga

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala huu hauwahusu watazamaji wa vijijini, kwa sababu wao hupendelea kusikia kuliko kusoma, na ndiyo sababu wasimulizi walishamiri. Hoja hii ina uzito. Lakini msimulizi mwenyewe hunufaika na maandishi sahihi mbele yake, na kwa mtazamaji asiyesikia usimulizi si mbadala wa maandishi. Isitoshe, mtoto anayesoma shule ya msingi anaweza kuwasomea wakubwa zake manukuu ya Kiswahili. Ya Kiingereza hawezi.

Hoja ya pili ni ya kisheria. Mafaili mengi yanayopita mkono kwa mkono hayana idhini ya wenye haki, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuacha shaka juu ya jambo hilo. Makala haya hayatetei unakili wa namna hiyo. Lakini udhaifu wa alama hauchagui. Filamu ya kuwaelimisha wakulima wa alizeti wa Singida, au ya kuwafundisha wazazi namna ya kumtunza mtoto mwenye homa, iliyotengenezwa kwa halali na kutiwa manukuu ya lugha kadhaa, hukwama vilevile na hupoteza Kiswahili vilevile. Hapo kilichopotea ni zaidi ya burudani ya jioni.

Hoja ya tatu ni kwamba tafsiri ya mashine italimaliza tatizo. Yaelekea italiongeza. Mashine inayoweza kuzalisha manukuu ya lugha mia kwa dakika chache itayatia katika kasha yote mia. Tena mkondo uliofasiriwa na mashine na ule uliofasiriwa na mtaalamu hubeba alama ileile ya swa, na anayechagua hana njia ya kuutenga mmoja na mwingine ila jina la mkondo limwambie.

7.0 Wajibu wa Idara za Kiswahili

Si mara ya kwanza kwa wataalamu wa Kiswahili kutakiwa kuingia katika mambo ya kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilionyesha kwamba wanaisimu na mafundi wanaweza kuketi meza moja na kukubaliana juu ya mamia ya istilahi. Suala la manukuu ni dogo kuliko hilo, na hatua zake ni tatu.

Ya kwanza ni mwongozo mfupi, ikiwezekana wa ukurasa mmoja, utakaotolewa kwa pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa na taasisi za vyuo vikuu. Utaje alama ya lugha inayotumika, namna ya kuandika jina la mkondo, namna ya kuonyesha kama mfasiri ni mtu au mashine, na usimbaji wa herufi. Mwongozo huo uwafikie watengenezaji wa filamu na mafundi wa maduka ya kuhamishia filamu, kwa sababu hao ndio wanaoamua kipi kibaki.

Ya pili ni kuingiza ufasiri wa manukuu katika mitaala ya tafsiri. Mistari miwili chini ya picha hudai nidhamu yake. Kitenzi cha Kiswahili, ambacho hubeba nafsi, njeo, yambwa na mnyambuliko katika neno moja, hufupisha sentensi. Lakini neno hilo refu halikatwi ovyo mwishoni mwa mstari. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya utafiti hana haja ya kwenda mbali.

Ya tatu ni kuanzisha hifadhi ya manukuu ya Kiswahili ya filamu za elimu zilizoidhinishwa, yakiwa mafaili madogo yanayosimama peke yake. Faili la maandishi lililo nje ya kasha halikwamishi televisheni, na fundi anaposafisha kasha haligusi.

8.0 Hitimisho

Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Ni heshima kubwa, na imesherehekewa ipasavyo. Lakini heshima ya mkutanoni haifiki yenyewe kwenye flashi inayochomekwa nyuma ya televisheni huko Mtinko. Huko lugha hutambulika kwa herufi tatu, na pasipokuwa na mtu aliyeziandika, mashine hudhani ni Kiingereza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kiswahili katika filamu hizo mara nyingine kipo, kimefasiriwa na kimepangwa kwa jitihada kubwa. Kinachokosekana ni jina lake tu. Kupunguza mikondo ni sawa, na faili lililopunguzwa vizuri litaenda bila ya kukwama. Kabla ya kupunguza, lakini, sharti kila lugha iitwe kwa jina, na mwenye wajibu wa kwanza wa kukiita Kiswahili ni msomi wa Kiswahili.